Kabla hujalipia ukumbi wa semina: namna ya kupima mahitaji ya mafunzo na utafiti kwa watu wa afya ya ngono

Mara ya kwanza nilipopewa hii kazi niliifanya kizembe kweli, nakiri. Nilitengeneza fomu ya kurasa nne, swali la kwanza kabisa "Je, ungependa kupata mafunzo katika maeneo yafuatayo?" halafu chini yake orodha ndefu, uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, VVU, ushauri nasaha, ukatili wa kijinsia, takwimu, kuandika andiko la utafiti, nikagawa. Fomu zikarudi watu wametiki kila kitu. Hadi mtu wa maabara alitiki kuweka kitanzi! Nikakaa na zile karatasi mezani nikaona kitu pekee nilichojifunza ni kwamba watu wanapenda semina, na hilo nilikuwa nalijua hata kabla sijanunua wino wa printa. Kwahiyo haya ninayoandika ni ya mtu ambaye alishaumbuka.

Elewa hivi kwanza. Anachotaka mtu na anachohitaji ni vitu viwili, na kwenye sekta yetu hii vinaachana kuliko kwingine, manake nusu ya kazi ya afya ya ngono ni kuongea mambo ambayo watu wanaona haya kuyaongea. Mtu asiyejua kusoma majibu ya kipimo cha kaswende atakwambia sijui, wala haoni shida. Ila anayeshindwa kumuuliza mzee wa miaka 68 kama bado anakutana kimwili na mtu, huyo hatakwambia, kwa sababu kwa hesabu zake yeye hajashindwa kitu, amemheshimu mzee. Pengo lake limevaa nguo ya adabu. Ukimpa fomu atajiandikia "niko vizuri" na ataamini kabisa anachoandika. Kazi yako wewe unayepima ni kulifikia hilo pengo lililojificha, haya mengine ni mbinu tu.

Tembea njia ya mteja, andika kila unayekutana naye

Watu wakisikia "watoa huduma wa afya ya ngono" kichwani inakuja picha ya daktari na nesi basi. Chukua kalamu ujifanye wewe ndo mteja, anza getini hadi unapotoka na dawa mkononi, andika kila anayekuona au anayeshika karatasi yako. Mlinzi, mapokezi, mtunza kumbukumbu, nesi anayepima presha, daktari, mshauri nasaha, wa maabara, mfamasia, mwelimishaji rika atakayekufuatilia baadae. Na hapo hujagusa wa nje, muuza dawa ambaye kwa watu wengi ndo "daktari" wa kwanza, walimu wanaofundisha vijana, wanaopokea simu za ushauri usiku.

Kuna siku nilikaa benchi la mapokezi sehemu moja, mkuu wa kituo anajua, wengine hawajui. Akaja kijana akainama pale dirishani akanong'ona. Dada wa mapokezi akauliza "unasemaje?" akanong'ona tena. Dada akageuka akamuuliza mwenzake aliye mwisho wa korido, kwa sauti ya kawaida tu wala hakuwa na nia mbaya, "eti huyu wa usaha anaenda chumba namba ngapi?" Benchi zima likageuka. Kijana akasema kasahau kadi, anaifuata, na mimi nilikaa pale mpaka saa sita mchana sikumuona tena. Hapo hata kama daktari wa chumba namba tano ndo bingwa wa kutibu kisonono dunia nzima, mgonjwa wake keshaondoka. Tangu siku hiyo mapokezi wanakuwa wa kwanza kwenye orodha yangu.

Kugawa nani anahitaji kiwango gani natumia mfumo wa siku nyingi unaitwa PLISSIT, aliutunga mwanasaikolojia Jack Annon mwaka 1976. Una ngazi nne. Ya kwanza ni kumpa mtu ruhusa, yaani aone kwamba hapa naweza kulisema jambo langu na hamna atakayenishangaa, ya pili kumpa taarifa chache zilizo sahihi, ya tatu kumshauri hatua za kuchukua kwa tatizo lake yeye, ya nne ni tiba ya kina ya mtaalamu. Annon aliukusudia kwa tiba ya matatizo ya kingono lakini mimi naugeuza kuwa rula ya wafanyakazi: ngazi ya kwanza ni ya kila mtu hadi mlinzi, ya pili ni ya kila anayevaa koti jeupe na waelimishaji rika, ya tatu ya wanaotoa matibabu na ushauri, ya nne ya wachache sana na wengine wote wanachotakiwa kujua ni namna ya kutoa rufaa bila kumfukuza mtu. Ukishaweka majina kwenye hizo ngazi utashangaa bajeti ya mafunzo ilivyokuwa inaenda yote kwa watu wa ngazi ya tatu.

Andika kazi, achana na mada

"Magonjwa ya zinaa" ni mada. "Kumwambia mtu aliye kwenye ndoa kwamba kipimo kimeonyesha klamidia na mwenza wake naye anatakiwa kutibiwa" ni kazi. Mada huwezi kumpima nayo mtu, atakwambia naijua kwa sababu alishaisikia chuoni, ila kazi ukimtajia hivyo anaiona kabisa sura ya mgonjwa anakunja shuka, na jibu linabadilika. Kwahiyo kila kipengele kwenye dodoso lako kianze na kitendo: kuuliza, kupima, kueleza, kuweka, kuandika, kutoa rufaa.

Usianze na karatasi tupu lakini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2011 orodha ya umahiri wa msingi wa afya ya uzazi na ujinsia kwa huduma za ngazi ya msingi, ziko 13, chukua hizo uzipasue ziwe kazi ndogondogo zinazofanyika kituoni kwako. Halafu kaa na wafanyakazi wawili watatu na wateja wawili, waulize nini kimesahaulika, na hapa wateja ndo wanatoboa, manake sisi tukiachiwa tunaandika magonjwa na mimba tu. Maumivu wakati wa tendo, hamu iliyopotea baada ya kujifungua, nguvu zilizoisha baada ya kuanza dawa za presha, mtu aliyelazimishwa na mume wake, hizi zote ni afya ya ngono, na maana ambayo WHO waliichapisha 2006 inasema wazi kwamba ni ustawi wa mwili, hisia, akili na jamii, kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Ila nenda kwenye dodoso kumi za vituo vya kawaida ukatafute neno "hamu".

Idadi? Kazi 20 hivi, zikizidi 30 watu wanaanza kuzungushia namba bila kusoma. Mapokezi na mlinzi watengenezee lao fupi, kumpa mlinzi dodoso lenye "kutafsiri majibu ya maabara" ni kumkejeli.

Dodoso la safu mbili

Hapa usijitungie mfumo mpya, upo uliopimwa tayari. Carolyn Hicks na Deborah Hennessy wa Uingereza walitengeneza miaka ya 1990 dodoso la mahitaji ya mafunzo kwa watu wa afya, lina vipengele 30, na WHO wanalo kwa matumizi ya wengine. Siri yake ni kwamba kila kazi inaulizwa mara mbili kwa kipimo cha 1 mpaka 7: hii kazi ina umuhimu gani kwenye nafasi yako, na kwa sasa unaifanya vizuri kiasi gani. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza unapata pengo. Kwahiyo yule wa maabara anayetaka kitanzi ataandika umuhimu 1, na mchezo unaishia hapo.

Tuseme kwenye "kuuliza mteja kuhusu wenza wake wa ngono" watu wako wametoa wastani wa umuhimu 6.6 na uwezo 6.2, pengo 0.4, dogo. Kwenye "kusoma ripoti ya utafiti na kujua kama inafaa kituoni" umuhimu 3, uwezo 2, pengo 1. Eksel itakuambia la utafiti ndo kubwa. Polepole. Hili la pili linakwambia watu hawaoni kama utafiti ni kazi yao, hilo ni tatizo tofauti kabisa na kutojua, na la kwanza linakwambia watu wanajiamini, hujajua bado kama wanajiamini kwa haki. Tazama na mtawanyiko usiishie kwenye wastani, watu 10 wakigawanyika watano wakaandika 7 na watano wakaandika 1 wastani ni 4 na hamna hata mmoja aliye kwenye 4. Nyuma ya mgawanyiko kama huo mara nyingi kuna kitu, labda zamu ya usiku hawajawahi kufundishwa, au wageni na wakongwe.

Usiri sasa. Ukiuliza kada, jinsia na miaka kazini kwenye kituo chenye mtu mmoja wa maabara, umeshamtaja jina. Unganisha makundi, miaka kazini iwe "chini ya 5" na "5 na zaidi", na zisipite kwa msimamizi wao zikija kwako. Nilishaona sehemu msimamizi anakusanya fomu mkononi na anazipitia mojamoja huku anatembea, hapo unategemea nani aandike kwamba hajui?

Na usiulize tabia moja kwa moja. "Je, huwa unawahukumu wateja?" kila mtu ataandika hapana. Weka kisa: msichana ambaye hajaolewa amekuja anataka njia ya uzazi wa mpango, foleni ni ndefu, andika maneno matatu ya kwanza utakayomwambia. Andika maneno yenyewe, usimpe ya kuchagua. Nikisoma "una umri gani?" na "mwenzio anajua?" na "karibu, kaa hapa" zimepangwa mezani sihitaji tena kuuliza nani anahukumu nani.

Halafu nenda ukaone kwa macho

Hii hatua ndo inarukwa na ndo yenye nyama. Mwaka 2006 David Davis na wenzake walichapisha mapitio kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, walikuwa wanalinganisha madaktari wanavyojipima wenyewe na wanavyopimwa na wengine, kwenye ulinganisho 20 walioukuta, 13 ulikuwa na uhusiano mdogo, au hamna kabisa, au wa kinyume. Hao ni madaktari, na mapitio yenyewe hayakuwa ya afya ya ngono. Kwenye mada zetu sisi ongeza na aibu.

George Miller aliwahi kuchora piramidi mwaka 1990, chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, juu yake anaonyesha akiombwa, kileleni anafanya kweli siku ya kawaida hamna anayemtazama. Dodoso linagusa ngazi mbili za chini tu. Za juu unazipata hivi:

Mafaili. Chukua mafaili 30 ya mwezi uliopita bila kuchagua, mfano kila la tano, na karatasi yenye maswali machache: historia ya mahusiano imeandikwa? kipimo cha VVU kimetolewa au kupendekezwa? kuna neno lolote kuhusu mwenza? mjamzito amepimwa kaswende? Ujue tu kwamba kisichoandikwa si lazima hakijafanyika, labda fomu haina nafasi, ila kama kwenye mafaili 30 mwenza ametajwa kwenye mawili na dodoso linasema uwezo ni 6.2, una mazungumzo ya kufanya.

Kukaa chumbani. Kwa ruhusa ya mteja, bila kalamu inayokimbia. Nilikaa na nesi mmoja mzoefu, mkarimu, wateja wanampenda. Akafika kwenye swali la wenza, kichwa kimeinamia fomu, "na mpenzi ni mmoja eeh?" na kabla yule mama hajafungua mdomo namba 1 ilishaandikwa. Mama akasema "eeh". Baadae nikamuuliza nesi mbona hivyo, akacheka akasema "ungemuona alivyovaa, mtu wa heshima kabisa yule". Huyo nesi kwenye dodoso alijipa 7. Na nikikuambia mafunzo anayohitaji hayana slaidi hata moja utanielewa, anahitaji kufanya mazoezi ya kuliuliza hilo swali kwa sauti, mara kumi, mbele ya mwenzake anayeigiza, mpaka lisimchome ulimini.

Mteja wa kuigiza. Mtu uliyemfundisha anaenda kama mgonjwa wa kawaida halafu anakuja kujaza alichokiona. Ni mbinu kali ina nguvu ila iheshimu: kibali cha kamati ya maadili, wafanyakazi waambiwe mapema kwamba ndani ya miezi fulani kuna watakaokuja (tarehe usiseme), hamna jina la mtu kwenye ripoti, na mwigizaji awe na namna ya kujitoa ikifika kwenye kukaguliwa mwili au kuchomwa sindano. Ikitumika kumfukuza mtu kazi hata mara moja tu, umeiua, hamna atakayekuamini tena.

Na ongea na wateja, hasa walioacha kuja. Wanaokuja tayari wamevumilia. Watu wa WHO wanakadiria mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na mengi yao hayaonyeshi dalili, kwahiyo anayeogopa kuja kwako anaweza kukaa nayo muda mrefu na asijue.

Pengo umelipata. Linataka mafunzo kweli?

Kila pengo liulize: huyu mtu angeahidiwa donge nono leo, angeweza kuifanya hii kazi? Kama angeweza basi hajakosa ujuzi, amekosa kitu kingine, na semina haitakipata. Kuna mfumo wa COM-B wa Susan Michie na wenzake, 2011, unasema tabia inahitaji uwezo, nafasi na hamasa. Semina inatengeneza uwezo, hamasa kidogo kwa wiki mbili tatu, nafasi haiigusi kabisa.

Watu hawaulizi kuhusu ukatili? Angalia mlango wa chumba kwanza, kama haufungi au kuna nesi mwingine anapita kuchukua glavu kila baada ya dakika mbili, hata wewe usingeuliza. Hawachukui sampuli? Angalia stoo. Hawashughuliki na wenza wa wagonjwa? Uliza mgonjwa mmoja anatengewa dakika ngapi, na kama sera inawaruhusu kumpa mgonjwa dawa ya kumpelekea mwenzake au hairuhusu. Hawaandiki? Angalia fomu ina nafasi. Mi huwa nachora meza ya safu tatu, pengo, sababu, na nani mwenye uwezo wa kuliondoa, na sehemu nyingine nusu ya meza inaangukia kwa mtu wa manunuzi na mkuu wa kituo. Hawafurahi. Lakini kumfundisha mtu kitu anachokijua tayari halafu ukamrudisha kwenye chumba kilekile kisicho na mlango ni kumdhalilisha, na mwaka unaofuata ukija na fomu zako atatiki kila kitu tena, amalize aende.

Upande wa utafiti

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kuna maswali ambayo utafiti unatakiwa uyajibu, na kuna ujuzi wa wafanyakazi wa kusoma, kutumia na kufanya utafiti. Dodoso moja linaulizia vyote kwa pamoja halafu ripoti inaandika "mahitaji ya utafiti" hata mwandishi hajui ni yapi. Tenganisha.

Maswali kwanza. Usiulize "mngependa utafiti gani ufanyike", utaletewa vichwa vya tasnifu. Uliza "ni jambo gani mwezi huu lilikutatiza ukakosa jibu?" Utapata vitu hai. Mmoja aliniandikia: mgonjwa karudi na usaha uleule wiki ya tatu baada ya kumaliza dawa, ni dawa imegoma au kaambukizwa tena na yule yule? Swali la dhahabu hilo, lina usugu wa dawa ndani yake, lina wenza ambao hawajatibiwa, lina maabara isiyo na uwezo wa kuotesha vimelea. Weka daftari dogo kila chumba kwa mwezi mmoja, mtu akikwama anaandika mstari, jina haliandikwi. Na wateja nao wawe na boksi lao.

Ukishayakusanya, kabla hujakimbilia kuandika andiko, yapeleke kwa mtu anayejua kutafuta mapitio ya tafiti, mwongozo wa WHO wa 2021 wa wagonjwa wenye dalili za magonjwa ya zinaa uwe karibu, na uulize kila swali: lishajibiwa? Hapa ndo mafunzo na utafiti vinakutana. Swali lililojibiwa tayari duniani ila kituoni kwako hamna anayejua jibu, hilo ni hitaji la mafunzo. Swali ambalo jibu lipo, watu wanalijua, ila hawalitekelezi, linaweza kuwa utafiti wa utekelezaji, kwanini haifanyiki hapa. Lililobaki bila jibu popote ndo hitaji la utafiti lenyewe. Ukiyachuja hivi utakuta rundo kubwa linarudi upande wa mafunzo na unabaki na maswali machache ya kweli, na machache ndo mazuri. Wenzetu wa James Lind Alliance wa Uingereza wamekuwa wakifanya mchujo wa namna hii tangu 2004, wagonjwa na watoa huduma meza moja, wanaanza na mamia ya maswali wanaishia na kumi.

Ujuzi sasa. Gawa ngazi tatu, anayetumia utafiti, anayeshiriki kwa mfano kukusanya data, na anayeongoza. Wengi wanahitaji ya kwanza tu, wawili watatu ya mwisho, na ukiwalazimisha wote kujifunza programu za takwimu umepoteza muda wao. Kuna dodoso fupi linaitwa buibui wa utafiti, la 2002, lina maeneo kumi ya ujuzi, kuanzia kutunga swali hadi kuchapisha, mtu anajipima uzoefu wake. Kuna na lingine la 2012 kutoka Australia linalopima mtu, timu na taasisi kila kimoja peke yake, na hilo nalipenda zaidi manake linaonyesha kama shida ni mtu hajui au ni taasisi haimpi muda, haina maktaba, kibali cha maadili kinazunguka mwaka mzima. Usisahau kuuliza hili: mara ya mwisho watafiti walipokuja kukusanya data hapa, majibu mliyaona? Nikiuliza hivyo kwenye kikao huwa kunaanza kicheko kwanza, halafu kimya. Mtu aliyekusanya data mara nne hajawahi kuonyeshwa matokeo atakupa umuhimu 2 kwenye utafiti, na yuko sahihi.

Kuchagua cha kuanza nacho

Utabaki na orodha ndefu kuliko pesa. Ukiita kikao cha wazi bosi ataongea na wengine watakubali, hivyo ndivyo ilivyo, kwahiyo tumia njia ya Delphi, ile iliyoanzia kwenye taasisi ya utafiti ya RAND Marekani miaka ya 1950. Kila mtu anapewa orodha kwa siri anaweka alama, unajumlisha, unawarudishia wote wakiona wastani wa kundi na sababu zilizotolewa bila majina, wanaweka tena. Raundi mbili, tatu zikizidi. Panga kabla hujaanza kwamba mfano 75% wakikubaliana kitu kinaingia, ukipanga baada ya kuona majibu utakuwa unapika. Hakikisha mapokezi na wateja wamo, na kura ya daktari isihesabiwe mara mbili.

Vigezo vya kuweka alama mi nabaki na vitatu: mteja anaumia kiasi gani hili likiendelea, linamgusa mara ngapi kwa wiki, na sisi wenyewe tunaweza kulibadilisha ndani ya miezi sita. Hicho cha tatu ndo kinaokoa, vinginevyo namba moja itakuwa "jengo jipya" kila mwaka.

Kurudisha majibu

Ndani ya mwezi, ukurasa mmoja, ubandikwe pale wanaposaini kuingia. Juu yake yale matatu yatakayofanyika na lini, chini yake yale ambayo hayatafanyika sasa na kwanini. Hilo la chini usilifiche, watu wanasamehe kunyimwa kuliko kupuuzwa.

Na kabla mkufunzi hajafika, weka pembeni zile karatasi za mafaili 30, andika tarehe na namna ulivyochagua. Miezi mitatu baada ya mafunzo chukua mafaili 30 mengine kwa njia ileile, maswali yaleyale, ikiwezekana ahesabu mtu yuleyule, na miezi sita tena. Kama mwenza alikuwa ametajwa kwenye mawili na sasa ametajwa kwenye 14, unajua umefanya kitu. Kama bado ni mawili, usiitishe semina ya kukumbushana, rudi kaangalie ule mlango.